Jinsi ya kupima mwitikio wa jeni za LH na FSH kwa mipigo ya GnRH

GnRH ni homoni ya ubongo inayotoka kwa mipigo na kuiamuru tezi ya pituitari itoe LH na FSH, homoni zinazoendesha ovari na korodani. Kabla hujagusa seli, amua ratiba ya mipigo hiyo. Wanafunzi ninaowafundisha maabara huniuliza kwanza waweke GnRH kiasi gani. Mimi huwarudisha kwenye swali la kila baada ya muda gani. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake walionyesha kwa nyani wa rhesus, ambao sehemu ya ubongo inayotoa GnRH ilikuwa imeharibiwa, kwamba GnRH ikitolewa mpigo mmoja kila saa, LH na FSH hurudi, bali ikitiririshwa bila kukoma, zote mbili hushuka. Kwa hiyo usimwage GnRH kwenye sahani ukaiacha usiku kucha.

Tumia seli za LβT2, zinazotokana na pituitari ya panya. Zile za αT3-1 zina kipokezi cha GnRH na kipande alfa cha homoni hizo, lakini haziwashi Lhb, jeni ya kipande beta cha LH. Kipande alfa ni kilekile kwa LH, FSH na TSH (homoni inayochochea tezi ya thiroidi). Kinachozitofautisha ni kipande beta, ndiyo maana tunapima Lhb na Fshb, jeni ya kipande beta cha FSH.

Siku moja kabla, hamishia seli kwenye kimiminika cha lishe kisicho na fenoli nyekundu, maana rangi hiyo huigiza estrojeni kidogo, na chenye seramu kidogo iliyochujwa kwa mkaa ili kuondoa steroidi.

Sasa mipigo. Pampu ipitishe kimiminika juu ya seli muda wote, na GnRH ya nanomola 10 iingie kwa dakika 5. Kundi moja lipate mpigo kila dakika 30, jingine kila dakika 120, na la tatu lipate kimiminika kisicho na GnRH kwa pampu ileile. Wengi huishia hapo, nami siwakubalii: kundi la haraka limepata GnRH mara nne zaidi kwa jumla. Ongeza kundi la dakika 120 lenye dozi mara nne, la sivyo hutajua kama umepima mwendo au kiasi.

Tarajia Lhb ipande zaidi kwa mipigo ya haraka. GnRH huamsha PKC na ERK, vimeng'enya vinavyopeleka ishara ndani ya seli, navyo huinua EGR1, protini inayowasha jeni, inayokaa kwenye promota (sehemu ya kuwashia) ya Lhb pamoja na protini wenzake SF1 na PITX1. Panya majike wasio na EGR1 hawatengenezi LH ya kutosha, na ni tasa.

Fshb ndiyo inayonivutia zaidi. Inategemea aktivini, protini ya ishara ambayo hupitia SMAD3, SMAD4 na FOXL2, protini zinazofikisha ishara hiyo kwenye jeni. Seli hizohizo hutoa aktivini, kisha hutoa folistatini, protini inayoikamata aktivini na kuizuia. Mipigo ya haraka huongeza folistatini, basi Fshb hufifia. Lithibitishe: tia folistatini kwenye kundi la polepole uone kama Fshb itashuka. Fshb isiposomeka kabisa tangu mwanzo, weka aktivini kidogo katika makundi yote, kwani kiwango cha kawaida cha Fshb katika seli hizi ni cha chini mno.

Pima RNA kwa PCR ya wakati halisi, kwa jeni rejea (za kulinganishia) mbili ambazo umehakikisha GnRH haizitikisi. LH iliyomo kwenye kimiminika si ushahidi wa jeni kuwaka: huhifadhiwa kwenye chembechembe ndani ya seli, na mpigo mmoja huitoa ndani ya dakika chache. Na kila sampuli iwe na pacha yake isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Pacha ikitoa ishara, sampuli imechafuka kwa DNA ya seli.