Krimu Mpya, Mkono Mmoja Kwanza

Kwenye harusi ya mdogo wangu nilitaka kupakwa piko, ule urembo mweusi wa mikononi, kama wenzangu. Ukurutu ninao tangu utotoni, enzi ambazo nyanya alikuwa akinivisha soksi mikononi usiku nisijikune, kwa hivyo nikatanguliza tahadhari. Jumatano jioni nilimwomba mpakaji anitie nukta moja tu karibu na kifundo cha mkono. Asubuhi ngozi ilikuwa shwari. Alhamisi usiku nikanyoosha mikono yote miwili, nikapakwa maua hadi viwikoni. Jumamosi, watu wakimngoja bibi harusi atoke, ile nukta ya kwanza ilikuwa imeinuka lengelenge, na kufika Jumapili kila ua mkononi mwangu lilikuwa limevimba kwa umbo lake lile lile.

Piko mara nyingi hutiwa rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na mwili uliokwisha kuikataa huendelea kuikataa miaka na miaka. Lakini kilichonikaa kichwani ni zile siku tatu. Mzio wa ngozi kwa kitu ilichokigusa hauji papo hapo. Huchukua saa 48, saa 72, pengine wiki. Ndiyo maana daktari wa ngozi akikubandika vipande vya majaribio mgongoni, huvisoma baada ya siku 2, kisha huvisoma tena siku mbili tatu baadaye. Kwa hivyo mtu akikwambia jaribu krimu usiku mmoja, ikiwa sawa jipake, usimsikize.

Nayaandika haya kwa ajili ya msichana wa jirani yangu hapa Kibokoni, Mombasa, ambaye mikunjo ya mikono yake inamnyima usingizi na kila wiki ana kopo jipya, na kwa yeyote aliye kama yeye. Mwaka huu daktari aliniandikia marhamu ya ukurutu iitwayo tacrolimus, ya asilimia 0.1. Dawa yenyewe si changa, Marekani iliidhinishwa tangu 2000, lakini kwangu mimi ilikuwa ngeni, na haina steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Nitakueleza nilivyoijaribu. Njia ni hiyo hiyo ukiwa na losheni ya kulainisha ngozi au mafuta ya mwarobaini kutoka sokoni Marikiti.

Kabla ya kupaka, ijue unayoipaka. Soma kasha lote, hata yale maandishi madogo. Hydrocortisone ya asilimia 1 ni steroidi nyepesi. Clobetasol ya asilimia 0.05 ni miongoni mwa kali kabisa, wala haifai kupakwa usoni kwa kujiamulia. Zile krimu za kemisti zenye dawa tatu ndani, steroidi pamoja na ya fangasi na ya bakteria, watu huzipaka kama mafuta ya kawaida, na humo ndani mara nyingi mna steroidi kali. Neomycin (dawa ya bakteria), manukato, lanolin (mafuta ya sufu ya kondoo) na methylisothiazolinone (kihifadhi) ni majina ya kutafuta kwa kidole, kwani yanajulikana kwa kuleta mzio. Ukishawahi kudhurika na mojawapo, hakuna haja ya kujaribu. Rudisha.

Kopo lisilo na karatasi mimi siligusi. Shangazi yangu alinunua moja, jeupe, kwa muuzaji aliyemwambia ni miti tupu. Siku ya pili mwasho wa miaka ukanyamaza. Akapaka miezi, mpaka usoni, ngozi ikawa laini na nyembamba kama karatasi ya sigara, na alipoacha, uso ulimuwaka ukavimba vibaya kuliko mwanzo. Hiyo ndiyo tabia ya steroidi kali iliyofichwa. Krimu isiyosema kilichomo, inayomaliza ukurutu kwa siku mbili, ihesabu kuwa ni steroidi mpaka uthibitishiwe vingine. Nunua kwa kemisti mwenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, na uangalie tarehe.

Hakikisha pia kwamba ni ukurutu kweli. Nyumba nzima ikijikuna usiku, huenda ni upele, na dawa yake ni nyingine. Duara lenye ukingo uliopanda na katikati pameanza kupona huenda ni choa, na steroidi hulilisha likatanuka.

Kisha chagua wiki. Hapa Mombasa hili lina uzito wake. Maji ya bomba yakikatika tukaanza kuoga ya kisima yenye chumvi, ngozi yangu hukauka hata nisipobadili chochote. Kaskazi ikivuma, jasho lenyewe ni kiwasho. Nami ni fundi cherehani. Wiki za kuelekea Idi hukaa na vitambaa vipya vyenye wanga mpaka usiku wa manane. Ukianza krimu katika wiki kama hiyo hutajua umsifu nani au umlaumu nani. Subiri siku za kawaida, sabuni ile ile, maji yale yale, na usianze vitu viwili vipya pamoja.

Sasa jaribio la kwanza. Swali lake ni moja: je, krimu hii itanidhuru? Hufanywa kwenye ngozi nzima isiyougua. Mimi nilitumia upande wa ndani wa mkono wa kushoto, chini kidogo ya mkunjo wa kiwiko, kwa sababu mkono wa kulia husuguana na kitambaa mashineni. Eneo ni dogo, kama upana wa vidole vitatu kila upande. Paka asubuhi na usiku, pale pale, siku 7 mfululizo. Usioshe mara baada ya kupaka, na usifunge bandeji. Joto la chini ya bandeji huizidishia krimu nguvu ikakupa jibu la uongo.

Katika kuangalia, usitafute wekundu. Maelezo mengi husema ngozi itakuwa nyekundu, na sisi wenye ngozi nyeusi tukiungoja wekundu tutapitwa. Kwetu hugeuka kahawia iliyokolea, au zambarau, au kijivu cha majivu. Simama dirishani mwangaza wa asubuhi ukiingia kwa ubavu, utaona vipele vidogo kwa vivuli vyake. Halafu pitisha mgongo wa vidole. Joto, ukakavu mpya, au ngozi iliyonyanyuka kama ganda la chungwa, vidole huvigundua kabla ya macho. Linganisha na mahali hapo hapo kwenye mkono wa pili.

Ikiwasha kwa nguvu, ikitoa vipele au malengelenge, au ikitambaa nje ya ulipopaka, osha kwa maji, acha kabisa, weka kasha umwonyeshe daktari. Midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wiki ikipita salama, ndipo jaribio la pili, kwenye ngozi inayougua: je, inanisaidia? Hapa nusura nipotee. Ngozi isiyougua haikusikia chochote siku 7. Usiku wa kwanza nilipoipaka tacrolimus kwenye mkunjo unaougua, palichoma kama nimemwaga maji ya pilipili, kwa dakika kama 20. Usiku wa tatu nilishika tyubu niitupe. Nikakumbuka alichosema daktari: dawa hii huchoma siku za mwanzo kwenye ngozi iliyochubuka, kisha huzoeleka. Basi nikaandika muda wa kuchoma kila usiku. Dakika 20, 20, 15, 10, kisha hamna. Mchomo unaopungua siku hadi siku, na usiotoka nje ya ulipopaka, unaweza kuuvumilia ukiwa umeambiwa utarajie. Unaoongezeka, au unaoleta uvimbe, usiuvumilie hata kama dawa ni ghali. Na muulize daktari au kemisti mapema kabisa, kabla hujafungua: hii inatarajiwa kuchoma?

Paka upande mmoja tu. Mikunjo yangu miwili inaugua sawasawa, kwa hivyo wa kulia ulipata dawa mpya na wa kushoto ukabaki na mafuta yangu ya zamani. Ukipaka kote utaona umepona kumbe msimu umegeuka tu. Pande mbili zinapata jasho moja na usingizi mmoja, kwa hivyo tofauti kubwa huenda ni ya krimu.

Kipimo ni ncha ya kidole: kamua tyubu kutoka mstari wa kiungo kilicho karibu na ncha ya kidole cha shahada hadi nchani. Hiyo ni takriban nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mkunjo mmoja kwangu hauzidi nusu ya hapo. Kwa hivyo tyubu ya gramu 15, ukipaka mara mbili kwa siku, inakupitisha mwezi. Ikikwisha kwa siku 5, unapaka kupita kiasi. Tacrolimus haitaki jua kali, kwa hivyo mkono nilikuwa nikiufunika kwa nguo mchana, na tyubu niliiweka kwenye kabati la chumbani badala ya dirishani.

Kila baada ya isha niliandika daftarini namba mbili, kulia na kushoto, kutoka 0 mpaka 10. Sifuri hakuna mwasho, kumi siwezi kushika sindano. Pia niliandika nimeamka mara ngapi kujikuna. Kila Ijumaa saa mbili asubuhi, dirisha lile lile, binti yangu alinipiga picha mikunjo yote miwili karibu, bila kujua upi una dawa, kisha akaniambia upi afadhali. Macho ya mwenye kutamani kupona si shahidi mzuri. Madoa meusi yanayobaki usiyahesabu kuwa dawa imeshindwa; hayo hufifia kwa miezi, na kuyafukuza kwa krimu za kung'arisha kunaharibu kila ulichojenga.

Usijijaribie peke yako kwenye kope, kwa mtoto mchanga, ukiwa na mimba, au palipotoa usaha na ganda la manjano. Vilengelenge vya kufanana vinavyouma, vimekusanyika pamoja, na homa juu yake, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe unayepika kwa jiko la makaa, jua kwamba mafuta mazito ya ngozi yakinywewa na mkono wa dera huufanya ushike moto upesi. Kunja mikono mpaka juu kabla ya kupepea.

Usiku wa kwanza daftari langu lilisema kulia 8, kushoto 8. Usiku wa 14, kulia 3, kushoto 7, na nilikuwa nimeamka mara moja, kwa ajili ya kushoto. Nikalipeleka kwa daktari na zile picha. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akaniambia sasa paka na wa pili, turudi kuonana baada ya mwezi.