Kupima upitishaji umeme wa maji ya boila: sampuli kwanza, mita baadaye

Salamu wakuu. Nimeona mnabishana mita ipi ni nzuri. Kwa uzoefu wangu kwenye boila ya kuni ya kiwanda cha chai, namba nyingi mbovu huharibikia kwenye valvu ya sampuli, kabla mita haijawashwa. Kwa hiyo hapo nitakaa zaidi.

Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki ndani ya boila. Zikizidi, maji hutoa povu na mvuke hubeba matone ya chumvi hadi kwenye mabomba na vikaushio. Chumvi zilizoyeyuka ndizo zinazopitisha umeme, ndiyo maana tunapima maikrosimensi kwa sentimita, ile µS/cm ya kwenye skrini.

Hatua ya 1: Poza sampuli kabla haijatoka. Maji ya boila yenye shinikizo la bar 7 yana nyuzi joto kama 170. Ukiyafungulia hewani, takriban asilimia 13 yanaruka kuwa mvuke papo hapo, na yanayobaki kwenye kikombe yana chumvi zaidi ya yaliyo ndani. Maji ya 3000 yatasomeka kama 3450. Zamu moja ya usiku tulichota kwa kikombe cha bati namna hiyo, tukaona namba iko juu, tukafungua blodauni, yaani valvu ya kumwaga sehemu ya maji ya boila ili chumvi zipungue. Tukapima, tukafungua tena, hadi alfajiri. Asubuhi tulipopoza sampuli ipasavyo tukakuta maji yalikuwa salama tangu mwanzo. Usiku kucha tulikuwa tunachemsha maji kwa kuni na kuyamwaga mtaroni. Iliniuma sana.

Pitisha sampuli kwenye koili ya shaba (bomba jembamba lililozungushwa) ndani ya ndoo yenye maji baridi yanayopita. Acha maji yaliyolala kwenye bomba yatoke kwanza, kisha kinga. Vaa glovu na miwani kila siku, hata ukiwa na haraka.

Hatua ya 2: Hakiki mita. Tumia myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa 1413 µS/cm kwa nyuzi 25. Mimina kidogo kwenye kikombe safi, suuza probu (kile kijiti cha mita kinachozamishwa) kwa huo huo, mwaga, mimina mwingine ndipo usome. Usizamishe probu ndani ya chupa, wala usirudishe uliotumika.

Hatua ya 3: Ua ukali wa alkali. Dawa za boila huacha haidroksidi, nayo hupitisha umeme kuliko chumvi za kawaida, hivyo hupandisha namba. Weka matone mawili ya fenolftaleini, dawa inayogeuka waridi penye alkali. Sampuli itageuka waridi iliyokolea. Ongeza unga wa asidi ya galiki kidogo kidogo huku ukikoroga. Waridi itafifia kutoka pembeni, kisha itapotea yote. Ikipotea tu, acha.

Hatua ya 4: Soma. Zamisha probu hadi matundu yake yafunikwe, igongegonge taratibu mapovu yatoke, subiri namba itulie. Andika namba pamoja na joto. Kila nyuzi moja hupandisha usomaji kwa karibu asilimia 2. Mita hurekebisha, lakini sampuli ya nyuzi 25 haihitaji kubahatisha. Zidisha µS/cm kwa 0.7 upate ppm, yaani sehemu za chumvi kwa milioni.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya blodauni. Maji ya kulishia yakiwa 300 µS/cm na unataka boila ibaki 3300: 300 gawanya kwa 3000 (yaani 3300 toa 300), ni asilimia 10. Kwa kila kilo 1000 za mvuke unatoa kilo 100. Ukiishikilia boila kwenye 2000 bila sababu, unatoa karibu kilo 176. Kikomo chenyewe kiko kwenye kitabu cha boila yako, kifuate hicho.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Mita yangu ya ppm na ya mwenzangu zinatofautiana kwa sampuli moja. Ipi mbovu?*

Marahaba. Huenda zote nzima. Nyingine huzidisha kwa 0.5, nyingine 0.7. Zigeuzeni zote kwenye µS/cm ndipo mlinganishe.

*Namba inashuka kila wiki ingawa maji ni yale yale.*

Angalia probu, utakuta ukoko mweupe. Iloweke kwenye siki, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, hakiki upya. Usiikwangue kwa kisu. Ile rangi nyeusi kwenye baadhi ya probu ni platinamu, siyo uchafu.

*Sisi tuko kiwanda cha sukari. Mita itatuonya sukari ikiingia kwenye maji ya mvuke yanayorudi boila?*

Hapana kaka, na hili ni la hatari. Sukari ikiyeyuka haitoi chembe zenye chaji, hivyo haipitishi umeme. Mita itashtuka kama juisi yenye chumvi zake imevuja, lakini sukari iliyosafishwa itapita kimya, ifike kwenye boila iungue na kugeuza maji kuwa asidi. Fanyeni kipimo cha alfa-naftoli na asidi ya salfuriki kila zamu. Mkiona pete ya zambarau, elekezeni maji hayo mtaroni mara moja, kisha ndipo mtafute panapovuja.