Kabla ya Kusaini Mkataba wa Kituo Mbadala cha Kompyuta

Usiku wa Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Kulikuwa na wateja waliolipia nakala rudufu, kumbe nakala zenyewe zilihifadhiwa palepale zilipo seva. Vyote viliungua pamoja.

Ndiyo maana, unapokodi kituo mbadala, yaani mahali penye meza na seva za kuendeleza kazi ofisi ikipatwa na janga, nasisitiza tuanze kwa kumuuliza mwenye kituo swali hili kabla ya kugusa bei: kituo chenu na ofisi yetu vinategemea nini kwa pamoja? Kilomita pekee hazijibu. Ofisi ikiwa Dar es Salaam na kituo kiko Kibaha, mafuriko ya Bonde la Msimbazi hayatakifikia, lakini Gridi ya Taifa ikizima, kote ni giza. Uliza jenereta zina dizeli ya saa ngapi, na lini mara ya mwisho ziliwashwa zikabeba mzigo wote. Seva zikiwa Afrika Kusini, uliza data inapita mkongo gani, yaani kebo ipi ya intaneti ya chini ya bahari. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja, intaneti ikazorota Tanzania na Kenya. Anayesema ana laini mbili akuonyeshe kwamba njia zake ni mbili kweli.

Swali la pili huwa linakwepwa: meza na seva hizi mmewauzia wateja wangapi wengine? Wenye vituo wengi huuza nafasi moja kwa kampuni kadhaa, wakitegemea kwamba haziwezi kupatwa na janga siku moja. Janga likiupiga mji mzima, anayewahi ndiye anayekaa. Idadi hiyo iandikwe kwenye mkataba.

Ninyi wateja nanyi mjue mnaweza kukaa saa ngapi bila mfumo, na mko tayari kupoteza kazi ya muda gani. Duka la jumla likipoteza mauzo ya siku nzima, madeni ya wateja hayafuatiliki tena. Bei ya huduma itatokana na majibu hayo.

Halafu jaribuni, mkiwepo wenyewe. Niliwahi kushuhudia jaribio ambalo data ilirudi vizuri kabisa, mhasibu akaketi, akabofya programu ya hesabu, ikagoma. Ilikuwa inadai leseni, na flashi ya leseni ilikuwa imechomekwa kwenye seva ya ofisini, ileile tuliyokuwa tunajifanya imeungua. Tangu siku hiyo sikubali jaribio lolote mpaka mhasibu atoe ankara na kulinganisha salio la mteja wa mwisho. Mkataba uruhusu majaribio angalau mawili kwa mwaka bila malipo ya ziada.

Kama data za wateja zitavuka mpaka, mwanasheria asome kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022.

Mwisho, jueni nani upande wa kituo atapokea simu saa nane usiku. Namba yake iandikwe kwenye karatasi, ikae nyumbani kwa watu wawili. Ikiwa kwenye seva tu, itazama nayo.