Kupanga betri za lithiamu kwa mashua yenye mota

Anza na mota, si betri. Ikiwa inakula kilowati 3, nawe unataka saa tatu za kwenda bila tanga, hizo ni kilowati-saa 9. Mimi sishushi chaji chini ya asilimia 20, basi nafunga seli 16 za lithiamu aina ya fosfati ya chuma, kila moja volti 3.2 na ampea-saa 280. Unapata volti 51.2, kilowati-saa 14 na ushee; inayozidi ni akiba ya kukabili mkondo mkali wa maji.

Uzito unapita kilo 80. Weka katikati, chini, lakini juu ya maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya mashua. Zinakufaa kama farumi, uzito wa kutuliza mashua! Zifunge zisihame mashua ikilala.

Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu huliwa na chumvi. BMS, kifaa cha kusimamia betri, ikate chaji seli yoyote ikifika volti 3.65.