Kabla hujabandika sensa ya sukari: namba, mshale na dakika zinazochelewa

Kitu cha kwanza cha kuwa nacho kabla ya kubandika sensa mkononi, kile kifaa kidogo kinachosoma sukari na kutuma namba kwenye simu, ni kile kile ulichotaka kuachana nacho: mashine ya kuchoma kidole, na stripu ambazo muda wake haujaisha. Inaudhi, najua. Mtu hununua sensa kwa bei inayouma ili vidole vipumzike. Lakini sensa haipimi damu. Kijiuzi chake kinakaa chini ya ngozi, kwenye majimaji yanayozunguka seli, na sukari ikipanda hupanda kwanza kwenye damu ndipo ivujie huko. Unachokisoma kwenye simu ni habari za dakika 5 hadi 15 zilizopita. Sukari ikiwa imetulia, ucheleweshaji huo huuoni. Ikiwa inakimbia, tuseme umetoka kula ubwabwa au umepanda ngazi na ndoo ya maji, sensa na kidole hutofautiana, na hakuna kilichoharibika.

Chukua jioni moja. Mikono inatetemeka, jasho linakutoka, kidole kinasema 3.4 (kwa kipimo cha mmol/L), sensa inasema 4.6 na mshale wa kando ya namba, unaoonyesha sukari inaelekea wapi, unaelekea chini. Unakunywa glasi ndogo ya soda ya kawaida, mililita 150 hivi, ambayo ni kama gramu 15 za sukari. Baada ya dakika 15 kidole kimefika 4.8, ila sensa ndiyo kwanza inasoma 3.5 na kengele inalia. Ukiitii, utaongeza soda, na chapati juu yake, na saa mbili baadaye uko 15 unatafuta sindano. Ndiyo maana ukishatibu sukari iliyoshuka, kuhakiki ni kazi ya kidole. Pima kwa kidole pia pale mwili unaposema hivi na simu inasema vile.

Kingine ni kujifunza mishale kabla ya siku yenyewe, maana mimi naona mshale una thamani kuliko namba. Kwenye sensa ya FreeStyle Libre, mshale uliolala maana yake sukari inabadilika kwa chini ya 0.06 kwa dakika, kwa kipimo cha mmol/L. Mshale wa mshazari ni kati ya 0.06 na 0.11, na uliosimama wima ni zaidi ya hapo. Fanya hesabu: 6.0 yenye mshale uliolala ni namba ya kwenda nayo sokoni. 6.0 yenye mshale wima kwenda chini, mwendo ukibaki ule ule, itakuwa chini ya 4, yaani imeshuka mno, ndani ya dakika 20, na pengine damu imeshatangulia. Sensa za kampuni nyingine zina mishale yao, mingine hata miwili miwili, kwa hiyo soma kijitabu chake.

Mshale wa juu nao una mtego wake. Umekula, umechoma insulini ya haraka, saa moja baadaye mshale bado unapanda, mkono unawasha kuchoma nyingine. Dozi ya kwanza bado ina saa kadhaa za kufanya kazi, na mbili zikikutana zitakuangusha usiku. Kwenye kliniki yako ya sukari, uliza kabla: nisubiri muda gani, na mshale ubadilishe dozi kwa kiasi gani?

Kama sensa inaletwa na ndugu kutoka Marekani, huenda ikasoma kwa mg/dL; gawanya kwa 18 upate mmol/L, yaani 70 ni 3.9. Hakikisha mapema kwamba programu yake inapakuliwa kwenye simu yako na nchi uliyopo. Tazama tarehe ya mwisho, na usiiache ndani ya gari juani.

Chagua siku ya kuanza. Libre huchukua saa 1 kuamka, sensa ya Dexcom G6 saa 2, Dexcom G7 nusu saa, na siku ya kwanza namba zinaweza kuyumba. Siyo siku ya safari ya basi, wala dakika chache kabla ya kulala. Kama unatumia vidonge vya vitamini C vya dozi kubwa, mwambie daktari, kwa sababu kwenye Libre vinaweza kuipandisha namba kuliko ukweli, na ukaichomea insulini sukari isiyokuwepo.

Usiku ukilalia mkono wenye sensa, namba inaweza kuporomoka kwa sababu ya kugandamizwa tu. Geuka, pima kidole. Kengele ya chini mimi huiweka 4.5 badala ya 3.9, nifidie zile dakika. Na unayelala naye chumba kimoja aelezwe mapema mlio ule una maana gani na soda iko wapi, kwa sababu si lazima wewe ndiye utakayeusikia.