Masaa Manane Istanbul: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujatoka Nje ya Uwanja

Tiketi inasema utashuka Istanbul saa 10:00 na ndege ya pili itaondoka 18:30. Kwa saa zetu ni saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni, yaani masaa manane na nusu. (Nasema "masaa" makusudi, walimu wa Kiswahili mnisamehe. Nisipofanya hivyo tutachanganya muda wa kukaa na saa ya ukutani.) Ukiwa umekaa sebuleni Tabata, masaa manane yanatosha kabisa: misikiti, soko, boti, samaki kwenye mkate, picha mia mbili.

Sasa anza kutoa. Kushuka ndege, kutembea, foleni ya uhamiaji na kutokea upande wa kuwasili: toa saa moja na nusu. Kurudi uwanjani mapema kwa ajili ya ndege ya kimataifa: toa masaa mawili na nusu. Barabara ya kwenda na kurudi: uwanja mpya wa ndege, uliofunguliwa mwaka 2018 na kuchukua safari za abiria za ule wa zamani mwaka 2019, uko kaskazini karibu na Bahari Nyeusi, kilomita arobaini na kitu kutoka mji mkongwe. Siku njema ni saa moja kila upande. Ni mji wa watu zaidi ya milioni 15, na foleni yake mtu wa Ubungo hatashangaa. Toa mengine mawili. Umebakiwa na masaa mawili na nusu ya kukanyaga mji wenyewe, na hapo ndege ya kwanza haijachelewa hata dakika.

Sisemi hivi kumkatisha mtu tamaa. Nimefanya matembezi hayo na mama yangu na ningeyarudia kesho. Ila anayejua kuwa ana masaa mawili na nusu hujiandaa tofauti na anayedhani ana manane.

Kwa watu wetu wengi mji wa kuunganishia ndege huwa Istanbul, kwa sababu Turkish Airlines inaruka kutoka Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Entebbe na Kigali, na inawatembeza bure abiria wake wanaounganisha safari za kimataifa hapo wakiwa na kati ya masaa 6 na 24. Basi, mwongozaji na chakula viko juu yao. Matembezi hutoka mara kadhaa kwa siku, mengine mafupi na mengine ya kutwa, na ratiba hubadilika. Itazame kwenye tovuti yao wiki ya safari, usitegemee picha uliyotumiwa na shemeji mwaka juzi. Singapore nao wana utaratibu wa namna hiyo pale uwanja wao wa ndege wa Changi. Faida ya kwenda na kundi, zaidi ya ubure, ni kwamba kuna mtu mwingine anayeangalia saa. Lakini kuna vitu viwili ambavyo basi la bure halikusaidii hata kidogo: pasipoti yako, na wewe mwenyewe ukichelewa kurudi kwenye basi.

Tuanze na pasipoti, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kukaa ndani ya eneo la kuunganisha ndege ni jambo moja, kuvuka dirisha la uhamiaji ni jambo jingine. Ukivuka, umeingia Uturuki kama mgeni yeyote, na kama pasipoti yako inahitaji viza, unaihitaji hata kwa masaa mawili. Matembezi ni bure, viza si bure, na dawati la matembezi haliitoi. Kwa raia wa nchi nyingi za Afrika kuna njia ya viza ya mtandaoni yenye sharti: uwe na viza hai au kibali cha ukaazi cha Marekani, Uingereza, Ireland au nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja). Mwanafunzi anayekwenda Ujerumani huenda tayari anayo na hajui kuwa inamfungulia mlango mwingine. Ingia kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki, chagua uraia wako, usome masharti mpaka mwisho. Kuwa mwangalifu, kuna tovuti za mawakala zinazofanana nayo na zinazotoza zaidi. Kama unasafiri kwa hati ya mkimbizi, kama ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi walioko Ulaya na Marekani, usikisie. Uliza ubalozi kwa maandishi, na mapema.

Halafu hesabu mara za kuingia. Viza ya kuingia mara moja ukiitumia wakati wa kwenda imekwisha. Wakati wa kurudi utakaa uwanjani ukitazama wenzako wakitoka. Mimi ningeiweka kwa ajili ya kurudi, kama hakuna jambo kubwa linalokungoja unakokwenda. Wakati wa kwenda una wasiwasi wa mahojiano ya uhamiaji, wa mizigo, wa mwenyeji atakayekupokea. Wakati wa kurudi umetulia.

Hakikisha pia ndege zote mbili ziko uwanja mmoja. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa, na cha pili, Sabiha Gökçen, kiko upande wa Asia, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bosporasi. Mtu aliyenunua tiketi mbili za bei rahisi akajikuta anashukia IST (uwanja mpya) na kuondokea SAW (Sabiha Gökçen) hana matembezi ya mji. Ana safari ya kuhama kiwanja, na mji atauona dirishani.

Kwenye mizigo sina mengi. Kama tiketi ni moja, begi kubwa huenda moja kwa moja mpaka mwisho wa safari. Soma herufi tatu kwenye kijikaratasi wanachokubandikia pale kaunta, na ukitaka uhakika muulize dada wa kaunta kabla hajalisukuma begi. Omba bodingi pasi zote mbili papo hapo. Dawa, chaja na nguo nzito zibaki mkononi. Begi la mkononi likiwa zito, uwanjani kuna sehemu ya kulipia ya kutunzia mizigo. Usiliburute kwenye mawe ya mji mkongwe.

Nguo nzito nazitaja kwa sababu ya Januari. Unatoka Dar umevaa fulana na kandambili, jasho linatiririka, koti umelikunja ndani ya begi kubwa ambalo sasa liko tumboni mwa ndege. Unafika Istanbul nyuzi nne, mvua ya manyunyu, upepo wa baharini, na mwongozaji anasema tutatembea kwa miguu. Kuanzia Desemba mpaka Machi panda ndege ukiwa na sweta, soksi na viatu vya kufunika.

Soksi zina kazi ya pili. Msikitini unavua viatu, na zulia la majira ya baridi halina huruma kwa nyayo zilizozoea sakafu ya Pwani. Beba mfuko mwepesi wa kutilia viatu. Mwanamke atatakiwa kufunika kichwa, mwanamume asiwe na kaptura. Mama alikuwa na doti moja ya kanga kwenye mkoba. Kwenye ndege alijifunika miguu, kwenye basi akaukunja upande mmoja kuwa mto, na tulipofika mlango wa msikiti wa Sultan Ahmed, wenzetu wakiwa wamepanga foleni ya vitambaa vya kuazima, yeye alijitanda ushungi akapita. Mzungu mmoja akamwuliza kaununua wapi. Mama akajibu, "Kariakoo," kana kwamba iko nyuma ya msikiti.

Siku yenyewe ya juma ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ijumaa mchana misikiti mikubwa hufungwa kwa watalii mpaka swala imalizike, na siku nyingine hufungwa kwa muda kila swala. Kama wewe ni Mwislamu na unataka kuswali, hiyo ni neema, si kikwazo, ila mwambie mwongozaji mapema ili kundi lisikutafute. Jumanne Topkapı, ikulu ya masultani wa Othmaniya, haifunguliwi. Jumapili soko kubwa la kufunikwa limefungwa. Ayasofya nayo ina mambo yake: ilijengwa kuwa kanisa mwaka 537, ikawa msikiti baada ya mji kutekwa mwaka 1453, ikageuzwa makumbusho karne iliyopita, na tangu 2020 ni msikiti tena. Mwaka 2024 walianza kuwatoza watalii wa kigeni euro 25 kupanda ghorofa ya juu, chini kukabaki kwa ibada. Usilaumu kama kundi lako litaitazama kwa nje na kusonga mbele. Kwa muda ulio nao, nusu saa ya foleni ni sehemu kubwa ya mji kuipoteza.

Kuhusu saa tuna bahati. Uturuki iko kwenye majira yaleyale ya Dar, Nairobi na Kampala mwaka mzima, tangu walipoacha kurudisha saa nyuma mwaka 2016. Ukitoka miji hiyo, simu haibadiliki. Ukitoka Ulaya au Marekani inabadilika, kwa hiyo hakikisha imejirekebisha baada ya kutua. Hatari yetu iko kwingine, kwenye tarehe. Ndege za kuja kwetu mara nyingi huondoka usiku. Tiketi ikiandika tarehe 14 saa 01:55, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Kiswahili kinalisema jambo hili vizuri kuliko tiketi, basi andika kwa Kiswahili kwenye karatasi: "Jumatano usiku kuamkia Alhamisi, saa saba na dakika hamsini na tano." Mimi niliwahi kuhesabu siku nzima ya ziada isiyokuwepo, nikaanza kupanga boti ya asubuhi, mpaka mama aliponiuliza usiku ule tutalala wapi.

Ukishatoka uhamiaji, nenda moja kwa moja kwenye dawati la matembezi upande wa kuwasili, ukiwa na pasipoti na bodingi pasi ya ndege ya pili. Usianze na kahawa. Nafasi za basi zina mwisho, na basi likiondoka limeondoka. Intaneti ya bure ya uwanjani ni ya muda mfupi na ina usumbufu wa kujisajili, kwa hiyo pakua ramani kabla hujaondoka nyumbani na upige picha ya bodingi pasi. Fedha badilisha kidogo tu, ya maji na ya bahashishi. Kadi ya benki inakubalika karibu kila mahali kama uliwaarifu benki yako.

Mbele ya basi piga picha ya namba ya gari. Zote za Istanbul zinaanza na 34, na mabasi meupe ya watalii yakishajipanga kumi, tarakimu zilizobaki ndizo zitakazokuokoa. Mwambie kila mliyeongozana naye mahali pa kukutania akipotea. Sisi tulichagua chemchemi ya Wajerumani kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi, ile yenye kuba la kijani, zawadi ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Hata mtoto anaikumbuka. Mwongozaji anazungumza Kiingereza, kwa hiyo mzee asiyekijua akae karibu nawe umtafsirie, asibaki nyuma na watu wa picha.

Wala hutakuwa mgeni kabisa wa lugha. Dakika ni dakika. Saa ni saat, duka ni dükkân, sabuni ni sabun, chai ni çay, na ukimaliza kula ukasema "hesap" utaletewa hesabu. Mwongozaji wetu alipomwambia dereva "on dakika," mama akanigeukia: "Dakika ngapi kasema?" Ni kumi. Jifunze namba moja mpaka kumi kwenye ndege, hutakuwa na kazi nyingine.

Wawili wa kuwaepuka. Mng'arisha viatu akipita mbele yako akaangusha brashi, mwachie aiokote mwenyewe. Ukimwokotea atakushukuru kwa kukung'arishia, kisha atadai malipo. Na muuza mazulia anayekukaribisha chai si mtu mbaya, chai yake ni tamu na hadithi zake nzuri, lakini kikombe kimoja kitakula nusu saa, nawe hizo nusu saa unazo tano tu.

Wakati wa kurudi mwongozaji akisema tukutane saa 15:00, wewe uwe kwenye basi saa tisa kasorobo alasiri. Basi likirudi bila foleni utakuwa na muda wa kukaa, likikutana na foleni utashukuru. Pale mlangoni mwa jengo mabegi hukaguliwa kabla hata ya kufika kaunta, kisha kuna uhamiaji, kisha ukaguzi mwingine. Hapo ndipo asali, maji ya waridi na rojo la komamanga mliyonunua sokoni yanapokuwa maji ya zaidi ya mililita 100. Chupa ya mama ilikuwa ya mililita 250. Alimtazama askari, askari akamtazama, chupa ikaingia kwenye pipa. Halva na majani ya chai vilipita bila neno, na kutoka hapo mpaka kwenye geti letu tulitembea robo saa nzima.