SOMO: Ujenzi umechelewa, mwenye nyumba umwambie nini

Wakuu, swali hili limeulizwa mara nyingi mno na kila mara linajibiwa nusunusu. Naliandika lote hapa. Mfano ni nyumba ya ghorofa moja, mkandarasi mdogo, mwenye nyumba analipa kwa awamu.

1. Hesabu siku ulizochelewa. Shika kalenda, usikadirie.

2. Tafuta kazi inayozuia nyingine. Grili zikichelewa wiki mbili, plasta ya ndani inaendelea. Linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) ikichelewa wiki mbili, kupaua nako kumerudi nyuma wiki mbili. Hiyo ndiyo ya kumwambia mwenye nyumba kwanza.

3. Andika nani anaumia: mwenye nyumba ambaye kodi ya anakopanga inaisha, benki inayotoa fedha kwa hatua, fundi umeme aliyekutengea siku.

4. Piga simu kabla hajasikia kwa mlinzi wa saiti, kisha tuma maandishi siku hiyohiyo. Kama mkataba ni wa FIDIC (mikataba ya mfano ya kimataifa ya ujenzi), notisi ya kudai muda wa nyongeza una siku 28 tu tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kilichokuchelewesha. Simu haihesabiki kuwa notisi.

5. Tarehe mpya. Hapa niliwahi kuharibu, kwa hiyo soma taratibu. Mteja akiuliza "lini sasa?", ulimi unataka kumtuliza, unataja tarehe papo hapo. Usitaje. Mwambie utampa jibu keshokutwa saa nne, na saa nne mpigie. Katikati hapo kaa na mafundi mtenganishe kazi zinazokubali kuharakishwa na zisizokubali. Kujenga tofali, ukiongeza mafundi, kunakwenda mbio. Zege halijali idadi ya watu: mirunda ya slabu (nguzo zinazoshikilia zege la sakafu ya juu mpaka likomae) hukaa wiki mbili au zaidi, kadiri mhandisi atakavyosema. Ongeza siku za mvua kama ni masika. Utapata tarehe mbili, ya mambo yakinyooka na ya mambo yakikwama kidogo. Mpe mteja ile ya mbali, na umweleze imetokana na nini. Ucheleweshaji wa kwanza husameheka. Tarehe ya pili ikivunjika, hata ukisema kweli hasikii tena.

ONYO: Usimpe mteja tarehe moja na mhandisi nyingine. Watakutana.
ONYO: Usifidie siku kwa kung'oa mirunda mapema. Slabu inaweza kupinda, kupasuka au kuanguka na watu chini yake.

6. Mpe la kuchagua, kila moja na bei yake: kuongeza mafundi, kukabidhi chini kwanza na juu baadaye, au kusubiri.

7. Ripoti kila Ijumaa: kilichoisha, kilichokwama, kinachofuata, fedha inayohitajika. Hata kama hakuna kilichosogea, tuma.

MASWALI

Swali: Mkuu, mteja ananipigia kila saa, nifanyeje?
Jibu: Hatua ya 7.

Swali: Si bora ninyamaze nifidie kimyakimya? Mbona unatutisha?
Jibu: Sitishi mtu. Ukifidia, sawa. Usipofidia, utampa habari ya kuchelewa pamoja na habari ya kuficha, na ya pili ndiyo itakayozuia malipo yako.

Swali: Mwenye nyumba yuko Muscat, hajawahi kufika saiti. Picha namtumia, haamini. Nakosea wapi?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Picha za kubahatisha haziaminiki. Chagua sehemu nne, piga kila Ijumaa ukisimama palepale, ili aweke ya leo kando ya wiki iliyopita aone tofauti. Taja idadi: kozi (mistari) ngapi za tofali, mifuko mingapi ya saruji imetumika na mingapi imebaki stoo. Nondo zipige kabla ya kumwaga zege, futi ya chuma ikionyesha nafasi kati ya nondo, maana zikishafunikwa hakuna ushahidi. Muscat wako mbele yetu saa moja, mpigie kabla hajalala.

Swali: Saruji ya 42.5R haiwezi kupunguza siku za mirunda?
Jibu: Inapata nguvu mapema, ndiyo, ila uamuzi ni wa mhandisi. Siku ya kumwaga, jaza zege kwenye vijisanduku vya kupimia nguvu vya sentimita 15 kwa 15 kwa 15, angalau sita: vitatu vipimwe siku ya 7, vitatu siku ya 28. Ukitaka kuomba mirunda itoke mapema, ongeza vitatu vya kupimwa siku unayotaka kuitoa, na uvihifadhi kando ya slabu vipate jua na maji yaleyale.

Swali: Na siku za mvua nitathibitishaje?
Jibu: Daftari la saiti. Tarehe, saa mvua ilipoanza na kukatika, kazi iliyosimama, mafundi waliokuwepo. Asaini msimamizi wa mteja jioni ileile. Ukingoja mwisho wa mwezi, atagoma.